Resori au inoksi? Kuchagua kisu cha kazi ngumu Bunia

Kisu kinachopasua samaki Tchomia, kando ya Ziwa Albert, hakiishi maisha ya kisu cha jikoni. Mitumbwi ikishafika, sangara, ambaye kwetu ni kapiteni, hupasuliwa, hutolewa matumbo, hutandazwa na kupakwa chumvi hadi nyama ikaze iwe makayabo ya kusafirishwa mbali. Kisu huzama katika beseni la maji ya chumvi, hutoka, hupasua, huzama tena, asubuhi nzima. Hakuna mwenye nafasi ya kukifuta. Jioni bapa lina madoa ya hudhurungi. Juma likiisha, madoa yamechimba vishimo. Miezi si mingi baadaye makali yameliwa mapengo, na mwenye kisu ananunua kingine cha aina ile ile kwa sababu ndicho kilichopo mezani.

Sasa panda mlima. Ziwa Albert liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko karibu mita 1,270. Pita mji, shika njia ya Komanda, ingia msituni mpaka Mambasa. Huko adui wa kisu ni mvua, umande, utomvu wa migomba, majimaji machachu ya kakao, na zaidi ya hayo yote, mti. Mtu hukata kamba za porini, huchonga vigingi vya mtego, hupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu kwa gogo, na jembe lisipokuwa karibu huchimbua muhogo kwa kisu hicho hicho. Kikishika doa la kutu, bado ni kisu. Kikikatika katikati ukiwa mwendo wa siku nzima kutoka barabarani, umebaki na mpini.

Bunia imekaa kati ya ziwa na msitu, na meza za vyuma za soko lake huwauzia watu wa pande zote mbili vitu vile vile: mapanga, visu vya bucha vyenye mpini mweupe wa plastiki, visu vyembamba vya jikoni katika pakiti za nailoni, na pembeni kidogo, kazi ya wahunzi wetu, nyeusi, nzito, isiyo na pakiti wala jina. Bidhaa za kiwandani zimepanda kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, au zimevuka ziwa hadi Kasenyi, au zimeletwa na wafanyabiashara wa Butembo wanaoagiza hadi China. Mnunuzi husimama mbele ya meza hiyo akiwa na fedha ya kununua kisu kimoja tu, na swali lake la kwanza ni moja.

“Mama, hiki ni inoksi?”

“Inoksi kabisa, papa. Ona inavyong’aa. Hii haishike kutu!”

Tatizo ni swali lenyewe. Linauliza juu ya kutu peke yake, nalo hujibiwa kwa kung’aa. Kwa miaka mingi tumewaacha wavuvi, wakulima na wachimba dhahabu wa jimbo letu la Ituri wachague chombo chao muhimu kuliko vyote kwa kukitazama tu. Swali linalofaa lina sehemu mbili, na ya kwanza humhusu mnunuzi mwenyewe: kisu hiki nitakifanyisha kazi gani? Ya pili ndiyo ya muuzaji: chuma chake ni kipi, na kilichomwa vipi? Maana chuma hakitoi kila kitu kwa pamoja. Kile kinachokubali kupindwa na kugongwa bila kuvunjika, kwa bei ya watu wa kawaida, hushika kutu. Kile kinachoikataa kutu kina mambo mengine kinayoyakataa.

Tuanze na kutu. Chuma kilichimbwa ardhini kikiwa kimeshikana na oksijeni, kikatenganishwa nayo kwa moto, na tangu siku hiyo kinatafuta kurudi. Maji hukipa nafasi. Chumvi ikiingia katika maji hayo, safari inakwenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaoutafuna uso wa chuma. Dawa iliyogunduliwa ni kuchanganya chuma na kromiamu, na mchanganyiko huo ndio inoksi. Ikifika kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi, kromiamu hushikana na oksijeni ya hewani na kutengeneza ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa jicho, inayofunika bapa lote. Ukiikwaruza, ngozi hiyo hujifunga upya yenyewe. Lakini chumvi ina uwezo wa kuitoboa mahali pamoja pamoja, na ndiyo sababu hata inoksi halisi, ikilala usiku kucha na uchafu wa samaki wa chumvi, huamka na vishimo vidogo. Hakuna kisu cha kawaida kisichoshika kutu kabisa. Kuna kinachochelewa na kinachowahi.

Mtu anayetajwa sana katika habari hii ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka, na tarehe 13 Agosti 1913 akayeyusha mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Bunduki hazikufaidika sana. Visu vilifaidika. Ila visu vya kwanza kabisa vilivyotengenezwa kwa chuma hicho havikuwa na makali, kwa kuwa mafundi walikichoma kama walivyozoea kuchoma chuma cha kawaida, na Brearley akapachikwa sifa ya mgunduzi wa visu visivyokata. Baadaye meneja wa kiwanda kimoja cha visu, Ernest Stuart, alikijaribu kwa siki, akaona hakina doa. Yale mambo mawili ya Sheffield, moto usio sahihi na tone la siki, ndiyo yale yale yanayomhusu mnunuzi wa Bunia leo.

Tone kwanza. Kata ndimu, mwombe muuzaji ruhusa, paka kidogo karibu na mpini. Subiri dakika chache huku mkiongea bei. Chuma cha kawaida kitageuka kijivu au cheusi mahali pale. Inoksi itabaki ilivyokuwa. Futa, suuza, kausha. Muuzaji anayejua mali yake hatakataa. Kuna visu vya chuma laini vilivyopakwa kromiamu juu kama rangi, navyo vitavuka jaribio hili siku ya kwanza vikiwa vizima. Kwa hiyo paka ndimu pia kwenye makali yenyewe, pale ambapo jiwe la kiwandani limekwisha kuondoa koti.

Kisha sumaku, na hapa watu wengi wamedanganywa. Sokoni utaambiwa kuwa inoksi ya kweli haishikwi na sumaku. Kwa sufuria na vijiko ni kweli mara nyingi. Kwa kisu ni kinyume. Inoksi inayofaa kwa kisu lazima iwe ya jamii inayokubali kukazwa kwa moto, na jamii hiyo hushikwa na sumaku vizuri. Ukikuta bapa ambalo sumaku hailigusi kabisa, umeshika chuma cha vijiko. Hakitashika kutu, na hakitakata nyama ya mbuzi mara ya pili. Mkitegemea sumaku peke yake, mtakirudisha mezani kisu kizuri na kwenda nyumbani na kijiko chenye ncha.

Soma pia maandishi ya bapani. Visu vingi vya China vina alama kama 3Cr13, 5Cr15MoV au 8Cr13MoV. Si mapambo. Tarakimu ya kwanza ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na tarakimu za baada ya Cr ni asilimia ya kromiamu. Kwa hiyo 3Cr13 ina kaboni kama asilimia 0.3 na kromiamu kama 13: haiogopi maji, lakini makali yake hulala upesi. 5Cr15MoV, yenye 0.5 na 15, ni ya kati na ya kuaminika. Ni ndugu wa karibu wa X50CrMoV15 ya Ujerumani, ambayo utaiona kwenye visu vizuri vya jikoni na vya bucha. Chuma cha Sweden kiitwacho 12C27 kina kaboni kama 0.6 na kromiamu kama 13.5, na visu vya Mora vilivyotengenezwa kwacho vinathibitisha kuwa kisu cha kazi ngumu si lazima kiwe cha bei ya pikipiki. 440C ina kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu 17: makali yake hudumu sana, lakini piga mfupa nayo uone vipande vidogo vikiruka.

Msiifuate kromiamu peke yake pia. Chuma cha D2 kina kromiamu kama asilimia 12, juu ya mpaka wa inoksi, na bado hushika kutu. Kaboni yake ni nyingi, kama asilimia 1.5, na kaboni huikamata kromiamu na kuifunga ndani ya chembe ngumu, isibaki ya kutosha kutengeneza ile ngozi. Wenye fedha nyingi duniani hununua vyuma vipya ambavyo ndani yake nitrojeni imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, kama LC200N, na hivyo hukaa katika maji ya bahari bila kulalamika. Kwenye meza za soko letu mimi sijaviona.

Sasa tuje upande wa pili wa meza, kwa kile kisu cheusi kisicho na pakiti.

Resori ya gari, ile wengine Afrika Mashariki wanaita springi, ni chuma kilichozaliwa kwa mateso. Kazi yake ni kubeba tani za mzigo juu ya barabara kama ya Bunia kwenda Mambasa, kupinda kwenye kila shimo na kurudi, miaka kwa miaka. Kaboni yake huwa kati ya asilimia 0.5 na 0.6, kromiamu yake ni asilimia moja hivi au pungufu. Kutu itakiona. Lakini kwa kugongwa, kupindwa na kutumiwa kama mtaimbo pale usipokuwa na mtaimbo, chuma kingine cha bei ile ile hakikaribii hapo. Kila lori linalokufa Ituri huacha nyuma yake ghala dogo la visu bora.

Mhunzi huikata, huinyoosha kwa nyundo juu ya fuawe, huifua umbo, kisha huja ile sehemu inayotenganisha fundi na mpiga nyundo. Bapa huingia tena kwenye makaa hadi liwe jekundu, na fundi mwangalifu hulijaribu kwa sumaku: likifika joto la nyuzi 770 hivi sumaku hailigusi tena. Hulipa moto kidogo zaidi, kisha hulizamisha katika mafuta yaliyopashwa, mara nyingi mafuta yaliyokwisha kutumika katika injini. Likitoka hapo ni gumu mno, na likidondoka juu ya jiwe linaweza kuvunjika kama chupa. Kwa hiyo hurudishwa kwenye moto mpole, uso wake ukiwa umesuguliwa, na rangi huanza kutembea juu ya chuma: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa kisu cha msituni akiliondoa kati ya kahawia na zambarau, kisu kitapinda kidogo na kurudi badala ya kukatika. Wahunzi wenye haraka huruka hatua hiyo ya mwisho. Visu vyao hukata vizuri sana siku ya kununua.

Ndiyo maana usimwombe mhunzi wa makaa akutengenezee kisu cha inoksi, na ukiona anadai kukitengeneza, uliza zaidi. Inoksi ya visu inataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000, lisilopanda wala kushuka ovyo, kwa muda uliopimwa. Hilo ni jambo la tanuri la kiwandani. Mafundi wa Sheffield waliokuwa na kila kitu walishindwa mwanzoni. Resori inaendana na moto wa mhunzi wetu, na moto wake unaendana na resori. Ndoa hiyo haina sababu ya kuvunjwa kwa sababu ya kung’aa.

Na ujuzi huu haukuja juzi. Ng’ambo ya ziwa, Bunyoro ilijulikana kwa majembe yake ya chuma na kwa chumvi ya Kibiro, na vitu hivyo vilibadilishwa kwa vingine kandokando ya maji haya kabla ya mipaka kuchorwa. Kaskazini-magharibi mwetu, kwenye nchi ya Uele, Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870 na akawasifu sana wahunzi wa huko. Visu vya Wamangbetu vyenye bapa lililopinda kama mundu vimo leo katika makumbusho ya New York, vilivyokusanywa na Herbert Lang na James Chapin katika safari yao ya 1909 hadi 1915. Huko Buhaya, Tanzania, wazee walijenga upya tanuri za mababu mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 waliandika katika jarida la Science kuwa ustadi wa kuyeyusha chuma cha pua eneo hilo ni wa zamani sana. Ndani ya msitu wetu, Wambuti hawakuyeyusha chuma. Walipata visu na ncha za mikuki kwa majirani wao wakulima, wakalipa kwa nyama na asali. Mtu aliyelipia kisu kwa nyama ya kuwindwa alijua kukikagua, na hakukikagua kwa kung’aa.

Ukaguzi wa kisu cha resori si mgumu. Kishike kwa ncha ya mpini, kigonge bapani kwa kucha au kwa ufunguo. Sauti safi inayodumu ni dalili njema; sauti ya kukoroma inaweza kuwa ufa. Resori nyingi zinazofika kwa mhunzi zilitupwa kwa sababu zilivunjika, na penye mvunjiko mmoja mara nyingi kuna nyufa nyingine zisizoonekana, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kipande alichokata na ukitazame uso wake. Pitisha tupa juu ya makali: ikichimba kirahisi kama kwenye msumari, umeuziwa nondo ya saruji, ikiteleza kabisa bila kushika, pengine hakikupewa ule moto mpole wa mwisho. Unataka tupa ishike kwa taabu. Mwisho, weka ncha kwenye ubao na ukipinde kidogo. Kirudi kilipotoka.

Juu ya umbo nina msimamo. Kwa kazi ngumu, kisu kisikunjike. Okapi, kisu kinachokunjwa ambacho kimetembea Afrika nzima mifukoni, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumwelezea kwa mara ya kwanza mnyama wa msitu wetu ambaye kisu kinabeba jina lake. Leo hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu kizuri cha mfukoni, nakipenda, na bapa lake ni la chuma cha kaboni. Lakini kiungo chake hukusanya magamba ya samaki, mchanga, damu na chumvi, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na huko ndani kutu hufanya kazi bila kuonekana. Kisu kisicho na kiungo kinaoshwa chote.

Kisha tazama msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia katika mpini. Visu vingi vinavyouzwa kama vya kazi vina msuka mfupi wa urefu wa kidole uliozamishwa katika plastiki, na ndipo vinapovunjikia, hasa kama pembe ya kuingilia imekatwa mraba bila kuviringwa. Chuma kipite urefu wote wa mpini, ukione juu na chini, kimeshikwa kwa pini tatu. Kwa msitu, bapa la sentimita 12 hadi 15, unene wa milimita 4, linatosha kwa karibu kila kazi isiyolazimu panga. Kwa samaki unene huo ni mzigo. Huko bapa liwe la milimita 2 na nusu, jembamba, lenye kupinda kidogo. Mpini wa mbao ni mzuri mkononi mwa mtu wa msituni, mvule ukiwa mzuri zaidi, na mkalitusi uliojaa vilima vya Bunia ukiwa mwepesi kupasuka. Pale ziwani mbao hunywa chumvi na kuipeleka kwenye msuka kimyakimya. Huko chukua plastiki yenye mikwaruzo, isiyoteleza kwa ute wa samaki, na uhakikishe hakuna nafasi kati yake na chuma.

Kuna jambo ambalo mtu wa Bunia akisoma makala ya kisu analiwaza tangu mstari wa kwanza, nami sitalipita. Barabara ya kushuka ziwani hupita Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa, watu wakauawa kwa risasi na kwa mapanga, na tarehe 7 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, kama mshiriki katika uhalifu wa siku hiyo. Bogoro haiko peke yake katika jimbo hili, na makaburi mengine ni mapya kuliko yale. Kuna majirani zetu ambao bapa refu likitolewa ghafla mbele yao, mwili unakumbuka kabla ya akili. Hiyo ni sababu moja ya mimi kupendelea kisu kifupi kinene kuliko panga pale ambapo kazi inaruhusu: kwa umbo lake kinasema kimekuja kufanya kazi gani. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Ituri tarehe 6 Mei 2021, vizuizi ni vingi. Kisu kisafiri ndani ya ala, ndani ya mfuko, pamoja na vifaa vya kazi yake, nyavu au sururu au jembe, na kisiwe kiunoni ukiingia sokoni au kanisani. Kukibeba kwa adabu ni sehemu ya kukimiliki.

Kilichobaki ni utunzaji, ambao kwa kisu cha resori ni nusu ya bei. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kisafishe mafuta, kifunge katika kitambaa kilicholowa siki kwa nusu saa, kisuuze na kukausha. Kitatoka kijivu cheusi. Rangi hiyo haizuii kutu kabisa, lakini huipunguzia kasi. Baada ya kazi kioshe, kikaushe kabisa, ukipake. Wengi hupaka mawese kwa kuwa yapo. Mawese ya kukamuliwa nyumbani huchachuka haraka, na uchachu wake hula chuma. Mafuta machafu ya injini yasikaribie kisu cha chakula. Tunacho kitu bora kuliko vyote viwili, na kinatoka msituni pamoja na asali: nta ya nyuki. Pasha bapa kidogo juani au karibu na moto, lisugue kwa nta, futa iliyozidi. Haiozi, haina sumu, na hukaa.

Ala ya ngozi ni ya kutembelea, si ya kulalia. Ngozi hushika unyevu, na dawa za kuilainisha mara nyingi zina chumvi na asidi. Nyumbani kisu kining’inie pakavu, uchi. Kwa safari za mvua, bomba la plastiki la maji lililolainishwa kwa joto nje penye hewa, likabanwa kuzunguka bapa, likatobolewa chini ili maji yatoke, ni ala imara kuliko nyingi za dukani.

Kunoa hakufanani. Resori hukubali kinoo cha mto, hata tupa, na baada ya mapitio machache inakata. Uinoe kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, au pana zaidi kama ni ya kupasulia kuni. Inoksi ni kaidi. Hunolewa polepole, na ukingoni huacha uzi mwembamba wa chuma unaong’ang’ania. Mtu hudhani kisu kimekuwa wembe, kumbe uzi huo ukilala baada ya samaki watatu makali yamekwisha. Uondoe kwa kupitisha kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi au kipande cha katoni, mara nyingi, kwa wepesi.

Kwa hiyo nikiulizwa na mama wa Tchomia, nitamwambia inoksi ya kati, 5Cr15MoV au X50CrMoV15 au 12C27, nyembamba, yenye mpini wa plastiki, na beseni la pili la maji baridi ya kuisuuza. Nikiulizwa na mkulima wa kakao wa Mambasa au kijana mchimba dhahabu wa Mongbwalu anayekata miti ya kuegemeza shimo, nitamtuma kwa mhunzi.

Na mhunzi huyo nina ombi kwake. Mteja aliyepata kisu kizuri kwake hana namna ya kukitofautisha na cha jirani, na aliyepata kibaya hana pa kukirudisha. Jina la Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, limelindwa kwa sheria tangu mwaka 1938. Hakuna ruhusa ya kuliandika kwenye bapa lililotengenezwa kwingine. Bunia haihitaji sheria ili kuanza. Inatosha kupata patasi ndogo ya chuma kigumu iliyochongwa herufi mbili za jina, na kuigonga kwenye bapa, karibu na mpini, chuma kikiwa bado laini, kabla hakijaingia katika mafuta.